Chumvi, mchanga au mkeka wa umeme? Ulinganisho wa njia za kuondoa barafu kwenye ngazi na vijia vya nyumbani

Ngazi za mlango wetu wa mbele ni tatu tu, za zege, na upande wa kulia kuna reli ya chuma. Januari moja mama mkwe wangu, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Moshi, alitoka asubuhi kuota jua. Jua lilikuwa kali kwelikweli na mbingu haina hata wingu, na kwa mtu wa Moshi jua la namna hiyo ni joto. Kwenye ngazi ya pili mguu ukamponyoka, akaangukia makalio kwenye ukingo wa zege. Nilipomkimbilia alisema, "Nimeteleza mwanangu, wala sijaona maji."

Mfupa haukuvunjika, Mungu alisaidia, lakini wiki tatu nzima alilala ubavu mmoja. Nikarudi pale alipoteleza kuangalia. Sikuona kitu. Niliinama nikapapasa kwa kiganja, ndipo nikaugusa utando wa barafu, mwembamba kama karatasi na angavu kiasi kwamba rangi iliyoonekana ilikuwa ya zege lenyewe. Juu yake zilikuwepo punje za chumvi nilizomwaga mwenyewe usiku, tena nyingi. Zilikuwa nzima, kavu, zimekaa tu kama zilivyotoka mfukoni. Kipimajoto kilisoma nyuzi 19 chini ya sifuri.

Tunaishi Minnesota, vitongoji vya kaskazini mwa Minneapolis. Kwa miaka zimekuwa zikifika familia mpya, wengine kutoka Dar na Nairobi, wengine moja kwa moja kutoka kambi za Nyarugusu na Kakuma, na ushauri tunaowapa wa majira ya baridi huwa mmoja: nunua gunia la chumvi. Nami niliupokea hivyo hivyo, nikaugawa hivyo hivyo kwa miaka. Ushauri huo una ukweli kwa siku fulani tu. Siku nyingine unakutoa pesa na kukupa usalama wa uongo, na hilo la pili ndilo lililomwangusha Mama. Kwa hiyo nimeona niandike ulinganisho huu kwa yeyote anayetaka kujua anunue nini na akitumie lini.

Soma baridi kwanza, ununue baadaye

Dawa zote za kuyeyusha barafu zinafanya kazi kwa njia moja. Punje inaingia kwenye unyevu mdogo ulio juu ya barafu, inageuka maji ya chumvi, na maji ya chumvi hayagandi kirahisi kama maji matupu. Yanaila barafu kuelekea chini mpaka yafike kwenye zege, na hapo barafu inaachia. Baridi ikizidi, ule unyevu wa kuanzia haupo tena au ni haba mno, na dawa inabaki punje.

Kila dawa ina kiwango chake cha baridi ambacho chini yake inashindwa kazi. Utasoma vitabuni kwamba chumvi ya kawaida inaweza kuzuia maji yasigande hadi nyuzi 21 chini ya sifuri. Ni kweli, ila hapo ni maabara, chumvi imechanganywa kwa kipimo kamili. Mlangoni kwako, kwa dakika ulizonazo kabla ya kwenda kazini, inachoka mapema zaidi. Haya ndiyo makadirio ninayoyatumia, kwa nyuzi za Selsiasi:

| Dawa | Inafaa hadi | Bei | Cha kuangalia |
|---|---|---|---|
| Urea, kloridi ya potasiamu | kama -5 | ya kati | dhaifu kwa baridi ya huku |
| Asetati ya kalsiamu na magnesiamu | kama -7 | ghali mno | mpole kwa chuma na zege |
| Chumvi ya mawe | kama -9 | rahisi kuliko zote | hutia chuma kutu, huua majani |
| Kloridi ya magnesiamu | kama -18 | ghali kiasi | hushambulia saruji |
| Kloridi ya kalsiamu | kama -29 | mara mbili au tatu ya chumvi, au zaidi | hutoa joto, huacha utelezi ikizidishwa |

Vipimajoto vya Marekani vinasoma Farenhaiti, kwa hiyo kariri namba mbili: 15 ni mwisho wa chumvi, na 20 chini ya sifuri ni mwisho wa kloridi ya kalsiamu. Tena kinachohesabika ni baridi ya zege. Hewa ya saa hiyo inaweza kukudanganya. Ngazi zinazotazama kaskazini, au zilizo kwenye kivuli cha nyumba kutwa nzima, zinabaki na baridi ya usiku hata hewa ikishapata joto. Zetu ni za namna hiyo.

Beleshi linazishinda dawa zote

Kabla sijalinganisha dawa na dawa, niseme hili kwa mkazo: beleshi la mapema linashinda gunia la aina yoyote. Theluji iliyoanguka sasa hivi ni nyepesi, unaisukuma tu. Ikishakanyagwa na watoto wanaokimbilia basi la shule, kila unyayo unashindiliwa na kuwa sahani ya barafu iliyoshika zege, na hapo ndipo tunapoanza kuhangaika na chumvi. Fagia au piga beleshi kabla mtu hajapita. Theluji ikianguka kutwa, toka mara mbili au tatu, usingoje iishe. Mgongo wako utakushukuru pia.

Kwa barafu iliyokwisha kushika, nunua lile beleshi la kukwangulia lenye bapa la chuma na mpini mrefu ulionyooka. Haligharimu pesa nyingi na linadumu miaka. Usiligonge kama unapasua kuni. Liingize kwa mshazari chini ya ukingo wa barafu na usukume, barafu itoke kwa mabamba. Ukishamwaga dawa, ngoja kidogo barafu ilegee, kisha urudi na beleshi uiondoe. Si kazi ya dawa kuyeyusha barafu yote mpaka iwe maji, kwa sababu maji hayo yataganda tena usiku. Kazi yake ni kuiachanisha na zege tu.

Kuna na suala la sheria. Jijini Minneapolis mwenye nyumba ya familia moja au mbili anapewa saa 24 baada ya theluji kukoma awe ameshasafisha njia ya waenda kwa miguu iliyo mbele ya kiwanja chake. Majengo ya fleti na biashara yanapewa muda wa saa nne tu za mchana. Miji mingine ina taratibu zake, kwa hiyo uliza halmashauri ya unapoishi. Mpangaji naye asome mkataba: kwenye majengo makubwa kwa kawaida ni kazi ya mwenye jengo, lakini kwenye nyumba ya kupanga ya familia moja mara nyingi mkataba unamtupia mpangaji, na wengi wetu tunatia sahihi bila kufika ukurasa huo.

Chumvi ya mawe au kloridi ya kalsiamu?

Hapa ndipo watu wengi wanapobabaika dukani, na ndipo pesa nyingi inapopotea.

Chumvi ya mawe ni kloridi ya sodiamu, ndugu yake chumvi ya mboga, ila imechimbwa na kusagwa bila kusafishwa sana. Kwa siku ambazo baridi inacheza karibu na sifuri haina mpinzani: ni rahisi, inapatikana hata kituo cha mafuta, na inafanya kazi vizuri. Novemba, Machi, na zile siku za mvua inayoganda ikigusa ardhi, ndizo siku zake. Barafu inateleza zaidi ikiwa karibu na kuyeyuka, kwa hiyo siku hizo si za kudharau.

Kloridi ya kalsiamu ni mnyama mwingine. Inavuta unyevu wenyewe kutoka hewani, na ikiyeyuka inatoa joto. Punje moja kwenye kiganja kilicholowa inatosha kukuonyesha: utasikia joto halafu mwasho. Ndiyo maana inatoboa barafu hata baridi ikiwa ya kuumiza pua. Na ndiyo maana unapaswa kuvaa glavu, kuiweka mbali na watoto, na kuihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko. Mfuko ukiachwa wazi kwenye gereji, baada ya wiki chache utakuta donge moja au rojo. Ukizidisha, inaacha majimaji kama mafuta ambayo yanaingia ndani na viatu, yanaharibu zulia na ngozi ya viatu, na kwenye sakafu ya vigae yanateleza yenyewe. Utakuwa umeihamisha hatari kutoka nje ukaileta sebuleni.

Uamuzi wangu ni huu: weka vyote viwili, kwa vipimo tofauti. Mfuko mkubwa wa chumvi kwa majira yote, na ndoo ndogo ya kloridi ya kalsiamu kwa ngazi peke yake, kwa zile siku za baridi kali. Usiimwage kwenye njia nzima ya gari, ni kutupa pesa.

Halafu mjihadhari na mifuko ya mseto. Mbele kuna picha ya milima na namba kubwa inayosema inayeyusha hadi nyuzi kadhaa chini ya sifuri. Geuza mfuko usome viambato. Mingi ni chumvi ile ile ya mawe iliyonyunyiziwa kloridi ya magnesiamu au ya kalsiamu kidogo, pengine na rangi ya bluu au kijani. Si mibaya, lakini unailipia kama kloridi tupu na haiwezi kazi ya kloridi tupu. Maneno ya "salama kwa mbwa" nayo nayapima vivyo hivyo, kwa kusoma kilichomo. Hata kama hufugi, mbwa wa jirani anapita mbele ya mlango wako na miguu mitupu, na watoto wetu wana tabia ya kula theluji.

Zilizobaki nazipita haraka. Urea ni mbolea ile ile tunayoijua nyumbani kwenye mahindi. Huku haina nguvu, na ikitiririka inarutubisha mwani ziwani. Kloridi ya potasiamu ni dhaifu vilevile. Asetati ninaiheshimu, ila bei yake si ya mtu anayelipa nyumba na kutuma hela nyumbani. Kloridi ya magnesiamu ni chaguo la kati linaloeleweka kama ngazi zako ni za mbao au mawe. Kwenye zege, hasa lililoanza kuchubuka, siitumii dawa hiyo.

Kiasi gani?

Kidogo kuliko unavyodhani. Mamlaka ya kudhibiti uchafuzi ya Minnesota inafundisha kipimo ninachokipenda kwa urahisi wake: kikombe kimoja cha kahawa, cha aunsi 12, kinatosha njia ya gari yenye urefu wa futi 20 au vipande 10 vya njia ya waenda kwa miguu. Punje na punje ziachane kama upana wa vidole vinne. Nilipoliona hilo mara ya kwanza nilikumbuka ngazi zangu tatu zilizokuwa nyeupe kwa chumvi, nikaona aibu.

Sababu si bei tu. Mamlaka hiyo hiyo inasema kijiko kimoja cha chai cha chumvi kinachafua galoni 5 za maji, karibu lita 19, na hakuna njia nyepesi ya kuitoa tena. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walikuta kwamba takriban robo tatu ya chumvi inayomwagwa eneo la Minneapolis na Saint Paul haiendi na mito, inabaki kwenye maziwa, mabwawa na maji ya chini ya ardhi. Majira ya joto tunakwenda kwenye maziwa hayo kuchoma nyama na watoto wanaogelea. Chumvi ya mlangoni kwangu imo humo.

Zege nalo linaumia. Maji yakiganda yanavimba kwa karibu asilimia 9, na chumvi inayayeyusha na kuyaacha yagande tena na tena ndani ya vitundu vya zege mpaka ngozi ya juu inabanduka. Kama ngazi zako zimemwagwa zege chini ya mwaka mmoja uliopita, usiziguse na chumvi kabisa. Tumia mchanga. Zikikauka, fagia punje zilizobaki uzirudishe ndooni, bado ni nzima.

Mchanga, ambao hatuupi heshima yake

Mchanga hauyeyushi chochote. Unachofanya ni kumpa mguu mahali pa kushika, na huo msaada hautegemei kipimajoto. Kwenye nyuzi 5 chini ya sifuri au 35, punje ya mchanga inakwaruza kiatu vilevile. Asubuhi ile ya Mama, konzi mbili za mchanga zingefanya kilichoshindwa na kilo nzima ya chumvi.

Chukua mchanga mkavu wenye punje kubwa za ncha kali, si ule laini wa kuchezea watoto. Maduka ya pembejeo za mifugo yanauza vijiwe vya kuku, vile wanavyopewa kwa ajili ya firigisi zao, na watu wengi wa Minnesota wanavimwaga kwenye barafu. Nimevijaribu, vinashika vizuri kuliko mchanga na havichafui sana. Jiji la Minneapolis linawapa wakazi mchanga bure, unakwenda na ndoo yako. Mchanga ukiwa na unyevu utaganda uwe jiwe, kwa hiyo uweke ndani ya gereji au chini ya ngazi za ndani.

Kasoro zake zipo. Theluji mpya ikianguka inaufunika, unaanza upya. Unaingia ndani na viatu na kukwaruza sakafu ya mbao, basi weka mkeka mlangoni na wageni wavue viatu, jambo ambalo sisi hatuhitaji kufundishwa. Machi inabidi uufagie, usiusukumie kwenye mtaro wa barabara. Na usiuchanganye na chumvi: chumvi inayeyusha, mchanga unazama kwenye tope la barafu, hakuna aliyefanya kazi.

Majivu ya kuni yanasaidia kidogo, ila yanachafua nyumba nzima. Mchanga wa choo cha paka, ule wa udongo, ukilowa unakuwa matope. Maji ya moto yasitumike kabisa. Nimeona jirani akiyamwaga, yakatiririka mpaka chini ya ngazi, na baada ya dakika chache akawa amejitengenezea barafu mpya iliyo laini kuliko ya kwanza.

Mkeka wa umeme ni wa nani?

Ipo mikeka ya mpira yenye nyaya ndani, unailaza juu ya ngazi majira yote, unaiunganisha kwa umeme, theluji inayeyuka kadiri inavyoanguka. Ni ghali: unanunua mkeka kwa kila ngazi, na bili ya umeme juu yake. Soketi ya nje lazima iwe ya aina inayojikata yenyewe umeme ukivuja, na waya usipite mahali watu wanapokanyaga.

Kwa nyumba ya vijana wenye nguvu sioni haja. Lakini kama mna mzee, mgonjwa wa figo anayekwenda kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, au mama mjamzito, na hakuna mtu wa kutoka na beleshi alfajiri kwa sababu nyote mko zamu ya usiku, fanyeni hesabu. Wengi wetu huku tunafanya kazi za kuhudumia wazee, tunajua kuvunjika nyonga kunamfanyia nini mtu wa miaka 70. Mkeka wa ngazi tatu ni nafuu kuliko hilo.

Cha bei ndogo zaidi ni njumu za mpira zenye misumari, unazivalisha juu ya kiatu. Mama anazo sasa. Kwenye barafu zinashika hasa. Zivuliwe mlangoni kabla ya kukanyaga vigae, maana huko ndani zinateleza vibaya kuliko kiatu kitupu.

Maji yalitoka wapi?

Swali hili nilijiuliza mwisho, na lilipaswa kuwa la kwanza. Usiku ule haikuanguka theluji. Maji ya kwenye ngazi ya pili yalitoka wapi? Mume wangu ndiye aliyesimama mchana akatazama juu, akaona tone linashuka kutoka kwenye gata. Majani ya msimu wa vuli yalikuwa yameiziba. Theluji ya paani ilikuwa ikiyeyuka kwa jua na kwa joto la nyumba, maji yanafurika ukingoni, yanadondoka tone tone juu ya ngazi ile ile, na usiku yanaganda. Tungeweza kumwaga gunia zima kila wiki na lile tone lingeendelea.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha bei za mifuko, Oktoba safisha gata, na hakikisha bomba lake linamwaga maji mbali na kijia. Angalia kama kuna mahali zege limedidimia na kutuamisha maji. Tikisa reli uone kama imekaza. Badilisha taa ya mlangoni iliyoungua, kwani huku Desemba saa kumi na moja jioni giza limeshaingia.

Mlangoni kwetu sasa kuna ndoo tatu: ya chumvi yenye kikombe cha kahawa ndani, ndogo ya kloridi ya kalsiamu yenye mfuniko na glavu juu yake, na kubwa ya vijiwe vya kuku. Ukutani nimebandika kipimajoto mahali ambapo mtu anayetoka lazima akione. Zaidi ya 15 kwa Farenhaiti, ni beleshi na kikombe kimoja. Chini ya hapo, ni beleshi na vijiwe, na kloridi kwa ngazi tu. Mama alipokuja tena mwaka uliofuata, mwanangu wa miaka tisa ndiye aliyemfundisha. Kila asubuhi alikuwa anasoma namba ile kwanza, ndipo anaamua ndoo.